Figo ya Mtani

Nakijwa Mbwambo alikuwa na desturi ya kuisalimia figo kabla ya kumsalimia mwenye nayo. Asubuhi hiyo pia alikuja mpaka kwenye kioo cha baraza, akatua kikapu chake cha tangawizi, akainama kidogo kutazama upande wa kulia wa tumbo la jirani yake, chini ya kitovu, akasema kwa sauti ya mzazi aliyekwenda kumwona mtoto shule ya bweni:

"Hujambo, mwanangu? Huyu Mchaga anakulisha?"

"Inakula ndizi kila siku," Haikaeli akajibu kutoka ndani, sauti yake ikitokea kwenye kipaza kidogo juu ya kioo. "Ilipofika hapa ilikuwa imekonda. Mlikuwa mnaipa nini huko Upareni? Makande tu?"

"Tuliipa adabu. Naona hilo ndilo mmeshindwa kuiendeleza."

Ndivyo walivyozoeana. Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu wa mababu zao, na hawa wawili waliutumia utani huo bila kubakiza. Walikuwa wamekaa jirani hapo Moshi tangu wakiwa wasichana wanaoanza kazi, Haikaeli akionja kahawa kwenye ghala la ushirika, Nakijwa akiwa karani wa mahakama, na kati ya nyumba zao pakiwa na ua wa masale tu. Figo za Haikaeli zilipokufa na Nakijwa akasema atatoa moja ya kwake, mtaa mzima ulicheka ukidhani ni utani mwingine. Mpare atoe kitu! Hata kwenye kitanda cha hospitali, nyuzi zikiwa bado mbichi, Nakijwa alishikilia kwamba hakutoa. Aliazimisha.

Haikaeli alisukuma kikombe cha kahawa kwenye kijidirisha chenye milango miwili, ule wa ndani ukajifunga, ule wa nje ukajifungua. Nakijwa akakichukua. Tangu homa ya vumbi iingie nchini, hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya wao kunywa pamoja.

Watu wengine walikuwa wameshasahau maisha ya vioo. Walichanjwa, na punje waliyopandikizwa kwenye kifundo cha mkono, ndogo kama chembe ya ulezi, ikawaka kijani kuonyesha kwamba mwili umejifunza kinga. Mlango wa soko uliitazama punje, mlango wa kanisa vivyo hivyo, na mtu akapita zake. Haikaeli naye alichanjwa. Akachanjwa tena, na tena, mpaka wauguzi wakaanza kumwonea haya. Punje yake ilibaki nyeusi tititi. Hewa ya nyumba yake ilichujwa, kahawa za ghala aliletewa kwa kijidirisha, naye alizionja peke yake mezani, akizivuta kijikoni kwa ile kelele wanayoipiga waonjaji, kelele inayochekesha watu wakiwa wengi na kuhuzunisha mtu akiwa mmoja.

"Leo daktari anakuja," alisema. "Na ile mashine yake."

"Inisikilize mimi?"

"Wewe. Mimi sina neno juu ya mali ya watu."

Nakijwa akacheka, lakini kidogo.

*

Daktari Rweyongeza alikuwa kijana mrefu wa Bukoba mwenye subira ya mtu aliyelelewa na shangazi wengi. Alisimama nje ya kioo pamoja na Nakijwa, akaweka juu ya stuli kitu cheusi kinene kama mche wa sabuni. Kiliitwa Msikivu.

"Mama zangu, nawaeleza kwa kifupi," alisema. "Chanjo ni picha ya mwizi. Tunawaonyesha askari wa mwili ili siku mwizi akija wamjue. Sasa, askari wa Mama Haikaeli tumewalaza wenyewe. Ile pampu iliyo chini ya mtulinga wake inadondosha dawa usiku na mchana ili walale, maana wakiamka watakuta mgeni ndani ya nyumba."

"Mgeni ndiye huyu wangu," Nakijwa akasema.

"Ndiye. Kwa hiyo kila tukileta picha, tunamwonyesha mtu aliyelala. Ninachotaka ni kuipa pampu likizo fupi. Askari waamke, waione picha, waikariri, kisha tuwalaze tena. Yale mafunzo yatabaki."

"Na wakiamka wakamwona mgeni?" Haikaeli aliuliza, ingawa alishajua.

"Wanaweza kumvamia. Kuna kifaa kwenye figo kinachosikiliza vurugu. Ikianza, pampu inarudi kazini yenyewe. Mara nyingi inawahi. Si mara zote."

Hakuna aliyesema kwamba kukaa tu pia kulikuwa hatari. Wote walimjua yule bwana wa Machame aliyepandikizwa ini. Hakutoka nje ya kioo chake hata mara moja, na homa ikamfuata humo humo, ikamzika.

Kwa hiyo Haikaeli alikuwa tayari. Lakini sheria ilimtaka mtu mwingine awe tayari pia. Ilitungwa baada ya kesi nyingi za uchungu, nayo ilisema kwamba aliyetoa kiungo angali hai ana sauti pale matibabu yanapoweza kukiua kiungo hicho. Si sahihi, maana watu wengi walishalazimishwa kutia sahihi. Sauti. Na Msikivu ilikuwepo kuipima, ijue kama inatoka moyoni.

Taa ndogo ikawaka kwenye Msikivu. "Mtoaji," ikasema kwa upole, "je, unaridhia figo uliyoitoa iwekwe katika hatari iliyoelezwa?"

Nakijwa akajiweka sawa kitenge, akasimama kama yuko kizimbani.

"Nakataa! Figo ile niliiazimisha, sikuigawa. Akitaka kuichezea, kwanza anirudishie, na anirudishie ikiwa imeogeshwa na kupakwa mafuta! La sivyo tutakutana mahakamani, na mimi mahakamani nina marafiki kuliko yeye alivyo na migomba!"

Haikaeli alicheka mpaka akashika kioo. Daktari naye alishindwa kujizuia, akageuka pembeni mabega yakimtikisika.

"Mtoaji amekataa kwa dhati," ikasema Msikivu. "Ombi limefungwa."

Hapo ndipo Haikaeli alipocheka zaidi, machozi yakamtoka. Alipoyafuta, Nakijwa alikuwa ameshaokota kikapu chake na kuondoka. Kikombe kilibaki ukingoni, kahawa haijaguswa.

*

"Usiwe na wasiwasi, mama," daktari alimwambia kesho yake kwenye skrini ya ukutani. "Waliotengeneza ile mashine hawajui utani ni kitu gani. Kuna njia. Unaapa mbele ya jopo la rufaa kwamba maneno yale yalikuwa mzaha, na shahidi mmoja anaapa nawe. Shahidi ni mimi. Nilikuwepo, nilicheka. Wanajopo nusu ni watu wa huku huku, wakisikia Mpare na Mchaga watafunga faili wakienda kunywa chai."

"Rahisi hivyo?"

"Rahisi hivyo. Homa imeshafika Arusha, mama. Mimi ningeapa leo."

Haikaeli aliomba apewe mpaka kesho, bila kujua anaiombea nini siku hiyo. Akaenda mezani kwake. Ghala lilikuwa limemletea sampuli, na kazi ni kazi. Akamwaga maji ya moto, akangoja, akavunja povu kwa kijiko, akavuta. Tamu. Ilikuwa na ladha ya machungwa, safi kabisa. Akaiacha ipoe kama kazi inavyotaka, maana kahawa ikiwa ya moto inaweza kukudanganya. Kasoro hujificha nyuma ya utamu, na hutokeza kikombe kikishapoa. Alipoirudia, kweli, chini kabisa palikuwa na uchachu wa buni iliyokaa na unyevu.

Akaweka kijiko chini.

Maneno ya Nakijwa nayo yalikuwa yamepoa sasa. Akayapitia moja moja. Figo kuogeshwa, migomba, marafiki wa mahakamani, yote ya kawaida yao. Lakini lile "nakataa" la kwanza lilitoka kabla ya utani kuanza. Na sauti ilitetemeka. Na mtu ambaye hajawahi katika maisha yake kuacha kahawa ya bure alikuwa ameiacha.

"Mungu wangu," alisema peke yake. "Mashine imesikia vizuri. Aliyecheka ni mimi."

Alikaa pale muda mrefu, na asifichwe mtu, mawazo mabaya yalimjia. Nani angejua? Daktari angeapa kwa moyo mweupe. Jopo lingecheka. Hata Nakijwa mwenyewe asingeweza kumkana bila kukiri kwamba siku ile hakuwa akitania, na Nakijwa alikuwa radhi kula udongo kuliko kukiri hivyo. Tena figo ikishatolewa si imetolewa? Mtu akikupa mbuzi hakufuati kukuuliza umemfunga wapi. Iko ndani ya tumbo lake, damu inayopita humo ni yake, na atakayekufa ni yeye. Alijipanga vizuri sana kwa hoja. Tatizo ni kwamba kila hoja ilipofika mwisho, alimwona Nakijwa akiinama pale kiooni kila asubuhi, jua au mvua. Akaona aibu.

Akavaa barakoa nzito, akatoka uani, akakata jani la isale.

*

Nakijwa alipokuja asubuhi alianza kama kawaida. "Hujambo, mwanangu?" Kisha akafungua kijidirisha kuchukua kahawa.

Hapakuwa na kahawa. Palikuwa na jani la isale, limefungwa fundo.

Hakuna mtu aliyekaa Uchagani akashindwa kujua maana yake. Anayekupa jani hilo anakuomba msamaha, na utani wote unakaa kando mpaka umjibu. Nakijwa alilishika kwa ncha za vidole. Katika miaka yao yote ya kutukanana, hawajawahi kupeana.

"Umefanya nini wewe?" aliuliza taratibu.

"Nilikucheka. Ulisema hutaki, mimi nikacheka. Nisamehe, Nakijwa."

Kumwita kwa jina tu, bila "mtani" wala "Mpare," kulimfanya Nakijwa atafute pa kukaa. Akaikalia stuli ya daktari.

"Wameniambia naweza kuapa ulikuwa unatania," Haikaeli akaendelea. "Watanikubalia. Lakini siapi. Kama hutaki, hutaki. Nitakaa ndani ya kioo changu na hatutalizungumza tena. Nilitaka tu unieleze, maana sijakuelewa. Unaionea uchungu figo?"

"Figo!" Nakijwa alilipuka. "Figo ni kipande cha nyama, Haikaeli! Mimi naionea uchungu figo?"

Akalizungusha jani mkononi.

"Unadhani naisalimia kwa nini? Naona haya kukuuliza wewe kila siku kama bado upo. Nikiuliza figo, wewe unajibu, nami narudi nyumbani nikiwa na amani." Akafuta pua kwa pindo la kitenge. "Homa ikikuchukua, nitalia, nitasema Mungu ameamua. Lakini hii nyingine mnaniletea mimi niamue. Figo ikifa na wewe ukafa, ni nani aliyesema ndiyo? Ni mimi! Nilikupa kile kitu uishi, halafu nikupe na ruhusa ya kufa nayo? Hapana. Sina kifua hicho."

Haikaeli alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye wivu na mali yake, au hata mwenye hasira. Kwa hili hakujiandaa.

"Basi imekwisha," alisema mwishowe, na alishangaa kwamba alimaanisha. "Kataa. Sitaki ubebe kitu hicho."

"Wewe unataka?"

"Nataka kukaa nawe meza moja. Nataka kuvuta kahawa watu wanicheke. Na naogopa, kama unavyoogopa. Lakini tukiogopa mimi na wewe pande mbili za kioo mpaka tuzeeke, hiyo figo itakuwa imefanya kazi gani?"

Nakijwa alitazama masale, akatazama mlima uliojifunika mawingu, akatazama jani. Kisha akaliingiza kifuani, ndani ya blauzi, jambo lililomaanisha kwamba amelipokea.

"Mwite huyo Mhaya wako," alisema. "Mwite upesi kabla sijapata akili."

Daktari alifika akihema. Msikivu ikawekwa kwenye stuli, ombi likafunguliwa upya, ikauliza swali lake.

"Naridhia huyu mwizi wa ndizi atibiwe," Nakijwa akasema.

"Sauti ya mtoaji ina mzaha. Tafadhali rudia."

"Naridhia, ingawa najua Mchaga hata akipona harudishi cha mtu."

"Sauti ya mtoaji ina mzaha. Tafadhali rudia."

"Hii nayo ina kiburi! Imezaliwa wapi?"

"Mama," daktari akamsihi, "mara moja tu. Kavu kavu."

Nakijwa akafumba macho. Mdomo ukachezacheza, ukitafuta tusi dogo la kujishikizia, usilipate. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo, sauti ambayo Haikaeli hajawahi kuisikia.

"Naridhia. Ni rafiki yangu. Namtaka azeeke."

Taa ikageuka rangi. "Mtoaji ameridhia kwa dhati."

"Sasa izimeni," akasema Nakijwa, "kabla sijatapika."

*

Pampu ikaenda likizo, na baadaye kidogo mkono wa Haikaeli ukachomwa sindano. Askari wakaamka. Alijua wameamka kwa sababu viungo vilimuuma na mafua ya miaka mingi yakadai haki yake yote kwa mpigo. Kwenye skrini ya ukutani mstari wa figo ulitembea umelala, rangi ya samawati, siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja ukainuka.

Uligeuka manjano. Daktari alikuwa ameshafika, yumo ndani na barakoa yake, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kuirudisha pampu.

"Nikiizindua sasa, chanjo tunaipoteza," alisema. "Nikichelewa, tunaipoteza figo. Nipe pumzi chache, mama."

Haikaeli alishika upande wake wa kulia kwa mikono miwili. Akasali kwa Kichaga, lugha aliyoitumia kwa Mungu tu na kwa kuku.

Nje ya kioo, Nakijwa alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, uso karibu uguse kioo, akiifokea figo.

"Tulia wewe! Tulia! Umezaliwa Usangi kwenye nyumba ya watu, usituaibishe ugenini! Wakikuuliza unatoka wapi, waambie unakaa hapa. Waambie hapa ni kwenu!"

Mstari ukapanda kidogo tena. Ukasimama. Ukakaa pale, kama mtu anayesita mlangoni, kisha ukaanza kushuka, taratibu, manjano ikififia, mpaka samawati ikarudi.

Daktari akaondoa kidole. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. "Wamepita, wakachungulia, wakaendelea na safari," alisema. "Kwa nini, sijui. Nikiandika ripoti nitatafuta neno la kitaalamu."

Haikaeli alikaa sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja, na nje Nakijwa akamtukana daktari kwa kuwarusha watu roho.

Pampu ilirudishwa kazini na askari wakalala. Ikabaki kungoja. Kisha, siku ambayo hakuwa akiingoja, alikuwa akiosha vijiko vya kuonjea alipoona doa la kijani kwenye kifundo cha mkono. Akadhani ni kivuli cha migomba kupitia dirishani. Akafunga pazia. Doa likabaki. Akalifunika kwa kiganja, akachungulia kati ya vidole kama mtoto. Lilikuwa dogo, halina nguvu ya taa za wengine, lakini lilikuwa linawaka. Roho ikamtua kabisa, ukamtoka mzigo ambao alikuwa ameuzoea mpaka akasahau kwamba ni mzigo.

Hakumpigia mtu simu. Alichemsha maji, akapanga vikombe viwili mezani, akaenda akaufungua mlango wa baraza wazi, akasimama hapo hapo kizingitini akingoja.

Nakijwa alikuja na kikapu chake kama kawaida, akaelekea kwenye kioo kama kawaida, na alikuwa ameshaanza kuinama alipomwona. Kikapu kikamponyoka. Tangawizi ikasambaa barazani.

Aliruka juu yake, akaingia, akamkumbatia Haikaeli kwa nguvu za mwanamke aliyebeba mafaili ya mahakama maisha yake yote. Alinukia tangawizi na moshi wa kuni. Haikaeli alikuwa amesahau kwamba ananukia hivyo; kioo hakipitishi harufu. Walikaa hivyo bila neno la maana, wakisema "jamani, jamani" tu.

"Hujaisalimia," Haikaeli akasema baadaye, akijifuta macho.

"Nani?"

"Mwanao."

Nakijwa akavuta kiti, akakaa mezani, akajisogezea kikombe bila kukaribishwa.

"Jana nilikwenda kwa ile mashine," alisema. "Nikaiambia iniondolee sauti yangu juu ya figo. Niliambiwa mtu anaruhusiwa kuiacha. Ilinirudisha mara tatu, haikuamini kwamba Mpare anaacha haki yake. Mpaka ikaamini." Akainua kijiko cha kuonjea, akavuta kahawa kwa kelele kubwa mbaya, kelele ya mtu asiyejua kabisa kazi hiyo. "Kwa hiyo usiniulize habari za figo. Sina figo hapa. Nimekuja kwako."